Michael Stanley Band: maswali mnayoniuliza kila mara

Naishi Akron, Ohio, mwaka wa 12 sasa, na nafanya kazi ghalani, zamu ya alfajiri. Redio ya pale haizimwi. Redio hiyo ndiyo iliyonifundisha jina la Michael Stanley Band, bendi ambayo watu wa huku huiita MSB tu, wakiamini hakuna binadamu asiyeijua. Nikiitaja kwenye kundi la ukoo, Dar wananiuliza hao ni kina nani. Nikiitaja kwa Mmarekani aliyetoka Texas au New York, naye ananiuliza hivyo hivyo. Nimejibu kwa ujumbe wa sauti mpaka koo limekauka. Leo naandika, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Ni bendi gani hiyo, kwa maneno machache?

Ni bendi ya roki ya Cleveland, jiji lililo kaskazini yetu, ufukweni mwa ziwa Erie. Ilianza 1974, ikavunjika mwanzoni mwa 1987. Muziki wake ni roki ya watu wote: magitaa mbele, vinanda viwili, saksafoni, na kiitikio ambacho ukumbi mzima unakidaka mara ya pili tu kukisikia. Hawakuwa wavumbuzi. Ukiwajua wanaroki wa Marekani Bruce Springsteen au Bob Seger, sauti ya MSB haitakushangaza, na wapo wanaolisema hilo kwa kuwabeza. Mimi sioni la kubeza. Mpishi wa pilau habuni mchele.

Kaka, walikuwa wakubwa kiasi gani? Maana mimi sijawahi kuwasikia.

Shika namba mbili. Ya kwanza ni 74,404. Hao ndio watu waliohudhuria maonyesho yao manne ya Blossom Music Center, Agosti 1982, tarehe 25, 26, 30 na 31. Ya pili ni 33. Hiyo ndiyo nafasi ya juu kabisa ambayo wimbo wao uliwahi kufika kwenye chati ya jarida la Billboard ya nyimbo 100 za Marekani nzima. Maswali yenu yote yanatokana na namba hizo mbili kutopatana.

Na Blossom haikuwa bahati ya mara moja. Julai 20, 1979 walijaza ukumbi wa Richfield Coliseum kwa watu 20,320, rekodi ya ukumbi. Mkesha wa mwaka mpya wa 1982 na usiku uliofuata wakapiga palepale mara mbili, wakaingiza watu 40,529. Huo ulikuwa ukumbi wa mpira wa kikapu, na waliokuwa wakiujaza kwa kawaida ni majina yanayozunguka dunia nzima.

Kuhusu Blossom, nieleze kidogo kwa sababu nimefika. Iko Cuyahoga Falls, kati ya Akron na Cleveland, katikati ya miti. Ilijengwa 1968 ili Cleveland Orchestra, ile okestra kubwa ya muziki wa kizungu wa kale, ipate pa kupigia majira ya joto. Kuna paa kubwa lenye viti chini yake, halafu kuna mteremko wa nyasi ambako watu wanatandika mablanketi, wanafungua vyakula, watoto wanabingirika. Msimamizi wa zamu yetu, mzee wa kutoka Parma, anatembea na kipande cha tiketi ya moja ya siku zile nne. Amekigandisha kwa plastiki kama kitambulisho, kinakaa kwenye pochi nyuma ya leseni ya udereva. Wino umefifia, jina la bendi unalisoma kwa kubahatisha. Kinachosomeka vizuri ni tarehe, na kwamba nafasi yake ilikuwa nyasini. Nilimuuliza kwa nini hakununua kiti. Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini hakwenda na suti.

Michael Stanley ndiye mwenye bendi?

Ndiye aliyeipa jina na ndiye aliyekuwa sura yake, ndiyo. Jina lake la kuzaliwa ni Michael Stanley Gee, alizaliwa Machi 25, 1948, akakulia Rocky River, kitongoji cha magharibi mwa Cleveland. Alisoma Hiram College, chuo kidogo cha hapa hapa Ohio. Bado kijana alikuwa kwenye kundi lililoitwa Silk, likatoa albamu moja 1969, ikapotea. Lakini kupitia kundi hilo alijuana na mtayarishaji Bill Szymczyk, mtu ambaye baadaye ndiye aliyesimamia rekodi kubwa za Eagles, bendi ya roki ya California.

Halafu likaja jambo ninalolipenda katika hadithi yake. Akaajiriwa kwenye maduka ya kuuza santuri, akapanda mpaka usimamizi. Mchana anauza nyimbo za wenzake, anaona kwa macho yake kipi kinatoka rafuni na kipi kinarudishwa stoo. Usiku anatunga zake. Akatoa albamu mbili za peke yake, Joe Walsh, aliyekuja kuwa wa Eagles, akipiga gitaa humo. Ya pili, Friends and Legends, ni ya 1973. Katika ile ya kwanza kulikuwa na wimbo Rosewood Bitters, ambao Walsh mwenyewe aliurekodi upya mwaka 1985. Kwa hiyo huenda wimbo wa Stanley umeshausikia, ila hukujua ni wake.

Lakini albamu haiwezi kupanda jukwaani peke yake. Ndipo akaunda bendi.

Nani wengine walikuwemo?

Hapa uwe mwangalifu ukikutana na watu wazima wa Cleveland, kwa sababu kuna bendi mbili ndani ya jina moja.

Ya kwanza ilikuwa ya watu wanne: Stanley, Jonah Koslen kwenye gitaa na sauti, Daniel Pecchio kwenye besi, ambaye alitokea Glass Harp ya Youngstown, na Tommy Dobeck kwenye dramu. Koslen alikuwa mtunzi kweli kweli, si mpambe wa Stanley. Alipoondoka 1977 na kuanzisha bendi yake, Breathless, wengine walidhani MSB imekwisha.

Haikuisha, ilinenepa. Bob Pelander alishaingia na vinanda. Akaja Gary Markasky kwenye solo, Kevin Raleigh kwenye vinanda na sauti, Michael Gismondi kwenye besi, Rick Bell kwenye saksafoni. Watu saba jukwaani. Hiyo ndiyo bendi ya zile namba kubwa nilizotaja. Markasky naye akaondoka 1983, nafasi yake akashika Danny Powers. Aliyekaa na Stanley mwanzo mpaka mwisho ni Dobeck, mpiga dramu, na picha nyingi hazimwonyeshi vizuri, kama ilivyo kawaida ya wapiga dramu.

Ghalani kwetu kuna wawili hawajapatana mpaka leo. Mmoja ni wa Koslen, mwingine ni wa Raleigh. Mimi nakula chakula changu kimya.

Kwa nini Cleveland iliwapenda namna hiyo?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ukitaka kulielewa anza na jiji lenyewe.

Cleveland ilikuwa jiji la chuma, magari na meli za ziwani. Mwaka 1950 ilikuwa na watu zaidi ya 914,000. Sensa ya 1980 iliwakuta 573,822. Viwanda vinafungwa, wenye uwezo wanahamia vitongojini, nyumba zinabaki na madirisha yaliyozibwa kwa mbao. Juni 1969 mto Cuyahoga unaopita katikati ya jiji ulishika moto, kwa mafuta na taka za viwandani zilizokuwa zikielea juu yake. Moto wenyewe ulizimwa upesi na haukuwa wa kwanza mtoni hapo, ila ndio ulioingia magazetini, na tangu siku hiyo Cleveland ikawa kichekesho cha taifa. Desemba 1978, wakati wa meya Dennis Kucinich, aliyechaguliwa akiwa na miaka 31, jiji likashindwa kulipa madeni yake ya benki. Hakuna jiji kubwa la Marekani lililokuwa limefika hapo tangu mdororo mkuu wa miaka ya 1930.

Kila mchekeshaji wa televisheni aliyeishiwa utani alikuwa anajua pa kwenda. Hata mpira haukusaidia, namaanisha ule wa Kimarekani wa kushika mikononi. Januari 1981, katika baridi ya kuua, timu ya Browns ya Cleveland ilikuwa karibu na goli la wapinzani wao, Oakland, ikarusha mpira uliodakwa na adui, ikatolewa kwa 14 kwa 12. Watu wa hapa wanausimulia mchezo ule kama msiba wa nyumbani.

Sasa fikiria wewe ni fundi wa kulehemu wa miaka 24 mwaka huo. Unasikia redioni kijana wa Rocky River, anayekunywa bia ulipokunywa wewe, anaimba nyimbo zenye sauti kubwa na nadhifu sawasawa na zile zinazotoka Los Angeles. Majira hayo hayo ya baridi, wimbo wa He Can't Love You unapanda chati ya taifa. Unanunua tiketi ukiwa na hesabu yako: safari hii wa kwetu. Albamu zao zenyewe zilikuwa zinasema walikotoka, Heartland ya 1980, North Coast ya 1981. Pwani ya kaskazini maana yake ni ufukwe wa ziwa Erie. Hakuna mtu wa Miami aliyeandikiwa jina hilo.

Ukitaka mfano wa kwetu, kumbuka mtu wa Dar anavyosema "mimi Msondo" au "mimi Sikinde" bila kuongeza neno. Anakutajia upande aliosimama.

Redio ilihusika vipi?

Ilihusika kuliko kampuni za rekodi. WMMS, masafa ya 100.7 FM, yenye nembo ya tai mla mizoga, ilikuwa inasikilizwa Cleveland nzima, na watangazaji wake, Kid Leo akiwa mkubwa wao, walikuwa na uhuru wa kuchagua cha kupiga. Wakiupenda wimbo, mji unaujua kabla ya mwisho wa wiki. Upande wa maonyesho walikuwepo Belkin, mapromota wa mjini hapo hapo, na Mike Belkin alikuwa pia meneja wa bendi. Kwa hiyo redio, promota na bendi walikuwa watu wanaoonana, wanaopigiana simu bila kupitia New York.

Nina utani wangu kuhusu hili. Ukiendesha kusini kuelekea Columbus, kuna mahali ile redio inaanza kukwaruza. Umaarufu wa MSB nao unaanza kukwaruza hapo hapo.

Sasa mjomba, ilikuwaje wasivume nje?

Kila mtu wa hapa ana jibu, na wengi humtafuta mchawi. Mimi sina mchawi mmoja.

Anza na namna chati ilivyokuwa ikihesabiwa. Billboard ilikusanya taarifa za redio na maduka ya nchi nzima. Ukiuza sana Cleveland, Akron, Youngstown na Toledo, umepata kona moja ya jimbo moja. Bendi inayouza kidogo kidogo katika miji 50 inakupita, hata kama hakuna mji mmoja kati ya hiyo 50 unaoweza kuwajazia uwanja. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na watu 74,000 nyasini na bado kwenye karatasi ya New York akaonekana wa kati.

Ongeza kuhama kampuni. Epic iliwachukua kwa You Break It... You Bought It! ya 1975, Ladies' Choice ya 1976 na Stagepass ya 1977, iliyorekodiwa wakiwa jukwaani kwenye ukumbi wa Agora, Cleveland. Wakahamia Arista: Cabin Fever ya 1978 na Greatest Hints ya 1979. Kisha EMI America kuanzia Heartland. Kampuni tatu ndani ya miaka sita. Kila unapohama, mtu wa matangazo aliyeanza kukujua anabaki kule, na huku mpya unaanza kueleza jina lako upya kwa vituo vya redio vya Denver na Atlanta.

Cabin Fever ina kichekesho chake kichungu. Aliyeitayarisha ni Robert John "Mutt" Lange, wakati huo hana jina Marekani. Mwaka uliofuata akafanya kazi na AC/DC, bendi ya roki ya Australia, na baada ya hapo kila alichogusa kilikuwa dhahabu. MSB walimpata mapema mno, kama mtu aliyenunua kiwanja Mbezi enzi hakuna barabara akakiuza mwaka mmoja kabla ya lami.

Halafu kuna suala la sauti. Wimbo wao uliofika juu kabisa, He Can't Love You, ule wa nafasi ya 33, aliuimba Kevin Raleigh. Michael Stanley yuko pembeni na gitaa. Msikilizaji wa California anausikia, anaupenda, anatafuta bendi, anakuta bendi ina jina la mtu ambaye si yule aliyeimba. Mpulizaji wa saksafoni katika wimbo huo naye ni Clarence Clemons, yule wa bendi ya Springsteen. Walimwalika kwa nia njema na anapuliza vizuri ajabu, ila mtu asiyewajua anamsikia Springsteen. Kwa maoni yangu hilo liliwaumiza zaidi ya watu wanavyokubali.

Televisheni nayo ilikuja na mlango wake. MTV ilipofungua matangazo Agosti 1, 1981, video ya He Can't Love You ilikuwa ya 47 kuonyeshwa siku ile ya kwanza. Siku ya kwanza kabisa! Lakini kituo kilikuwa bado kinaonekana kwenye nyumba chache zenye kebo, na kilipokuja kuwa na nguvu kilitaka nywele na mavazi ambayo kijana wa Ohio akiyavaa, mama yake anamuuliza anaumwa nini. Albamu yao ya 1983 inaitwa You Can't Fight Fashion, yaani huwezi kupigana na fasheni. Walijua.

Anayesema haikuwezekana kutoka mkoani namwonyesha Bob Seger wa Detroit, jirani yetu ng'ambo ya ziwa. Juni 1976 alipiga Pontiac Silverdome mbele ya watu zaidi ya 70,000, na usiku uliofuata Chicago akakuta ukumbi wenye watu wasiofika 1,000. Alikuwa MSB wa Michigan. Miezi michache baadaye akatoa Night Moves, na mlango ukafunguka. Kwa hiyo iliwezekana. Seger alikuwa na wimbo mmoja ambao haukuhitaji kujua Detroit ili ukushike, nao ukatoka wakati kampuni yake ilikuwa tayari kuusukuma. MSB walikaribia na My Town ya 1983, ikaishia nafasi ya 39.

Kwani hawakuwa na hela?

Daftari zao sijaziona, ila utaratibu wa kampuni za rekodi za wakati ule unajulikana. Kampuni inakupa fedha za studio kama mkopo. Gharama za kurekodi, sehemu ya matangazo, wakati mwingine video, zote zinakatwa kwenye mgao wako wa mauzo. Mpaka mkopo uishe, hupati senti ya santuri, hata kama ziko madukani na kila mtu mtaani anakusalimia. Bendi ya watu saba, yenye lori la vyombo na mafundi wa sauti, inaishi kwa kiingilio. Kiingilio kizuri kiko nyumbani, lakini nyumbani huwezi kupiga kila wiki, watu watakuchoka. Kwa hiyo unatoka, unapiga mji wa mbali mbele ya watu 300, unapoteza fedha za mafuta ulizochuma Blossom. Mwaka baada ya mwaka.

Waliachana kwa ugomvi?

Hapana. Baada ya albamu ya 1983, EMI America iliwaachia. Wakaendelea kutoa kazi wenyewe bila kampuni kubwa, na nyumbani watu waliendelea kuja. Lakini mtu mwenye familia hawezi kuwa chipukizi akiwa na miaka 38.

Waliaga kwa namna nzuri. Sikukuu za mwisho wa 1986 mpaka Januari 1987 walipiga maonyesho 12 Front Row Theater, Highland Heights. Ule ulikuwa ukumbi wa mviringo wenye jukwaa katikati linalozunguka polepole, kwa hiyo hakuna aliyekaa nyuma. Mke wa msimamizi wetu alikuwemo usiku mmoja. Anasema kitu anachokumbuka ni kwamba kila Dobeck alipozungushwa kuwaelekea, watu wa upande wake walisimama kumshangilia yeye, mpiga dramu, kama wanaoona mwezi umeandama, halafu jukwaa likampeleka upande wa pili na kelele zikahamia huko.

Baada ya hapo Stanley alifanya nini?

Alibaki. Aliingia kwanza kwenye televisheni ya Cleveland, akawa mtangazaji mwenza wa kipindi cha jioni. Mwaka 1990 akaanza kutangaza kituo cha WNCX, 98.5 FM, kipindi cha mchana kuelekea jioni, saa ambazo watu wanatoka kazini. Akakaa kwenye kiti hicho miaka zaidi ya 30. Mimi nilimjua kwanza kama sauti ya foleni ya barabara ya 77, sauti nzito, ya mzee asiye na haraka, na nilichukua miezi kadhaa kugundua kwamba yule mtangazaji na yule anayeimba kwenye baadhi ya nyimbo ni mtu mmoja. Yeye hakuwa akilisema. Aliupiga wimbo wake, akaendelea na mwingine.

Kutunga hakuacha. Alitoa albamu nyingi za peke yake, baadhi nzuri kuliko za bendi kwa upande wa maneno, na akawa anapiga kumbi za Cleveland na kundi lake la The Resonators, akiwemo Dobeck na wengine wa zamani. Alifariki Machi 5, 2021, kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 72. Siku ile ghalani walipiga MSB tangu alfajiri mpaka zamu ikaisha. Wale wawili, wa Koslen na wa Raleigh, hawakubishana.

Jumba la heshima la roki liko Cleveland kwao. Mbona hawamo?

Ni kweli, Rock and Roll Hall of Fame lilifunguliwa Cleveland, Septemba 1995, ufukweni mwa ziwa, jengo la vioo kama piramidi. MSB hawajaingizwa. Wanaoingizwa hupigiwa kura na jopo la watu wa nchi nzima na nje, na kwa ninavyoona jopo hilo linaangalia nani aliubadilisha muziki au aliuza dunia nzima. MSB hawakufanya lolote kati ya hayo mawili. Nasema hivi huku nikijua nitapigwa mawe.

Kuna kinyume chake cha kufurahisha. Pere Ubu, bendi nyingine ya Cleveland ya miaka ile ile, yenye kelele za ajabu ajabu, imeandikwa na wahakiki wa London na Paris mpaka leo. Nyumbani ilipiga kwenye mabaa. Mwulize mzee wa Parma kuhusu Pere Ubu, atadhani unamtajia ugonjwa.

Nianze kusikiliza wapi?

Stagepass. Hii ni bendi ya jukwaani, na santuri ile mbili kwa moja ya Agora inakupa watu wanaopiga nyumbani, na kelele za wanaowajua. Sauti ya studio katika albamu zao zingine za miaka ya sabini ni nyembamba, zinakunyima nusu ya raha. Kisha Heartland, na humo usikilize Lover, usiku, ukiwa kwenye gari ikiwezekana. Ukitaka kuwaelewa watu wa huku, sikiliza My Town. Mimi naiona imepakwa rangi nyingi mno ya 1983, lakini nimeshaona wanaume wazima wakiiimba kwenye maegesho ya magari na machozi yakiwatoka, kwa hiyo nafasi yangu ya kuikosoa ni ndogo.

Yale makumbi bado yapo? Nikija nataka kupiga picha.

Blossom ipo, nitakupeleka, ulete blanketi. Front Row ilibomolewa zamani.

Richfield Coliseum hutaiona. Ilifunguliwa 1974, Frank Sinatra akiwa wa kwanza kupanda jukwaani, kisha timu ya kikapu ya Cavaliers ikahamia mjini 1994, ukumbi ukakaa mtupu, ukavunjwa 1999. Ardhi yake ikaingizwa kwenye hifadhi ya taifa ya Cuyahoga Valley. Nilipita Juni moja, barabara ya 303, karibu na inapokutana na 271. Nilidhani nimepotea. Hakuna kibao kikubwa, hakuna ukuta. Kuna uwanda wa nyasi zinazofika kiunoni, na wapenda ndege wanne wamesimama na darubini, kwa sababu eneo hilo sasa ni la ndege wa nyasini wanaotaga chini, na huruhusiwi kukanyaga humo wakati wa kutaga. Mama mmoja aliniazima darubini yake. Nikamwambia mimi nimekuja kuona mahali MSB walipojaza watu 20,000. Akacheka, akasema yeye alikuwemo, akanyoosha kidole kwenye nyasi kunionyesha alipokuwa amekaa.